Seli Isiyo na Kiini: Miundo ya Bakteria, Kazi Zake na Dhima ya Istilahi za Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mgonjwa mwenye mafua anaingia katika duka la dawa. Anaeleza kwamba pua inatiririka, koo linawasha na usiku hakupata usingizi. Anaambiwa kuwa ameshambuliwa na vijidudu. Anaomba dawa ya kuua vijidudu, anapewa vidonge vya rangi mbili, analipa na kwenda zake. Katika mazungumzo hayo hakuna kosa la sarufi hata moja. Kosa limejificha ndani ya neno lenyewe.

Mafua husababishwa na virusi. Vidonge alivyopewa, ikiwa ni vya jamii ya penisilini, hushambulia ukuta wa seli ya bakteria. Virusi havina ukuta huo, wala si seli. Kwa hiyo dawa inaingia mwilini mwa mgonjwa, inapita pembeni mwa adui aliyekusudiwa, na kuwaua bakteria wengine wasiokuwa na hatia. Wachache wanaosalia ni wale walio sugu. Neno moja, *vijidudu*, limewafunika viumbe wawili wasiofanana kwa muundo, na kwa kuwafunika limeificha ile tofauti ambayo tiba nzima inaitegemea.

Mhadhara huu unahusu seli ya bakteria: sehemu zake, kazi ya kila sehemu, na majina ambayo Kiswahili kimezipa au kinaweza kuzipa. Hoja yake ni kwamba istilahi ya sayansi haikamiliki kwa kuwa na jina peke yake. Jina hubeba umbo, au kazi, au historia, na mara nyingine hubeba kosa. Mwanaisimu anayeunda au kusanifisha istilahi hana budi kukijua kitu chenyewe kabla ya kukipa jina.

2.0 Bakteria na Tatizo la Kiini

Mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, aliandika mwaka 1676 juu ya viumbe wadogo aliowaona majini kwa lenzi alizozisaga mwenyewe. Mwaka 1683 alieleza wale aliowaona katika utando wa meno. Aliwaita wanyama wadogo, kwa kuwa walikuwa wakienda huku na huko. Neno *bakteria* lilikuja katika karne ya 19, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kijiti. Jina hilo lilitokana na umbo la baadhi yao tu, maana wako bakteria wa duara, wa kijiti, wa mkato na wa msokoto.

*Escherichia coli*, anayeishi katika utumbo wa binadamu na ambaye amechunguzwa kuliko bakteria wengine wote, ana urefu wa mikromita 2 hivi. Bakteria 500 kama huyo wakipangwa mstari mmoja, kichwa kwa mkia, watajaza milimita moja.

Kinachomtenga bakteria na seli za mnyama, mmea au kuvu ni kwamba DNA yake haikufungiwa ndani ya kiini chenye utando. Mgawanyo huo wa viumbe ulitajwa na Mfaransa Édouard Chatton mwaka 1925, ukafafanuliwa kwa kina na Roger Stanier na C. B. van Niel mwaka 1962. Hapa ndipo Kiswahili kinapojikuta katika mtego. Neno *kiini*, lililozoeleka kwa sehemu ya katikati ya yai, ndilo lililochukuliwa kutaja sehemu ya seli inayohifadhi DNA. Wakati huohuo, katika mabango na vijitabu vya afya, *viini vya maradhi* ni jina la bakteria na wenzao. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba "viini havina kiini" ana haki ya kuduwaa. Sentensi hiyo ni ya kweli kisayansi, lakini kwa msikilizaji ni kitendawili. Neno moja haliwezi kuwa jina la kiumbe na papo hapo likawa jina la kitu ambacho kiumbe huyo anakikosa.

Hata fasili yenyewe inahitaji tahadhari. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza habari za *Thiomargarita magnifica*, bakteria aliyepatikana katika mikoko ya Guadeloupe, ambaye anafikia urefu wa sentimita moja hivi na huonekana kwa macho matupu. DNA yake imo ndani ya vifuko vingi vyenye utando. Fasili ya kamusi inayosema tu kwamba bakteria ni "kiumbe asiyeonekana kwa macho" imekwisha kukanushwa na bahari.

3.0 Sehemu za Nje

3.1 Ukuta na utando

Seli ya bakteria imezungukwa na utando mwembamba wa lipidi na protini. Utando huo huchagua kipi kiingie na kipi kitoke. Zaidi ya hayo, kwa kuwa bakteria hana mitokondria, ni katika utando huo ndimo nishati ya seli inamozalishwa. Utando, basi, ni mlango na ni jiko.

Nje ya utando, kwa bakteria walio wengi, uko ukuta uliofumwa kwa peptidoglikani, yaani minyororo ya sukari iliyofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya asidi amino. Mfumo wake unafanana na wavu wa mvuvi: nyuzi ndefu na mafundo. Ndani ya seli mna chumvi na molekuli nyingi kuliko nje, kwa hiyo maji hujipenyeza yakiingia. Wavu huo ndio unaozuia seli isipasuke. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, huvizuia vimeng'enya vinavyofunga mafundo. Bakteria anaendelea kukua, wavu unalegea, maji yanaingia na seli inapasuka. Seli ya binadamu haina wavu huo, ndiyo maana dawa inayomuua bakteria inaweza kumwacha mgonjwa salama. Bakteria wa jamii ya *Mycoplasma* hawana ukuta kabisa, na penisilini haiwadhuru. Kwa maneno mengine, anayejua maana ya *ukuta wa seli* amekwisha kuijua nusu ya sababu ya dawa kuponya au kutoponya.

Mwaka 1884 tabibu wa Denmark, Hans Christian Gram, akifanya kazi Berlin, alieleza njia ya kuwatia bakteria rangi. Wenye ukuta mnene hubaki na rangi ya zambarau hata baada ya kusuuzwa kwa alkoholi. Wenye ukuta mwembamba, ambao pia wana utando wa pili kwa nje, huipoteza rangi hiyo na kupokea nyekundu inayotiwa baadaye. Tafsiri iliyozoeleka ni *gramu chanya* na *gramu hasi*. Istilahi hizi zina miiba miwili. Kwanza, *gramu* ni kipimo cha uzito, na jina la mtu limemezwa na jina la mizani. Pili, *chanya* na *hasi* humpeleka mwanafunzi kwenye chaji za umeme, ilhali maana yake ni kukubali au kukataa rangi tu. Kuandika *Gram* kwa herufi kubwa na bila irabu ya mwisho kungeuondoa mwiba wa kwanza. Wa pili unahitaji fasili iliyo wazi.

Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alitangaza kumgundua mwezi Machi 1882, hafuati vizuri mgawanyo huo. Ukuta wake una asidi zenye mafuta mengi, mithili ya nta. Nta hiyo huzikataa rangi za kawaida, ndiyo maana makohozi hupimwa kwa njia ya Ziehl na Neelsen, ambayo humfanya bakteria aonekane mwekundu. Nta hiyohiyo huzizuia dawa nyingi zisipenye, na isoniazidi, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huo, hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wake. Bakteria huyu hujigawa mara moja kwa saa 15 hadi 20 hivi, wakati *Escherichia coli* akipata chakula cha kutosha hujigawa kwa dakika 20. Ukuta mgumu na mwendo wa kobe ni miongoni mwa sababu za mgonjwa kutakiwa kumeza dawa kwa miezi mingi, hata baada ya kikohozi kutulia.

3.2 Kapsuli na vijinywele

Baadhi ya bakteria hujifunika kwa tabaka la utelezi, kwa kawaida la sukari, liitwalo kapsuli. Mwaka 1928 Frederick Griffith wa Uingereza alionyesha kwamba bakteria wa nimonia wenye kapsuli waliwaua panya, na wale wasio nayo hawakuwadhuru. Kapsuli huzifanya seli za kinga zishindwe kumkamata na kummeza bakteria, kama mkono unavyoshindwa kumshika kambare. Hata hivyo, *kapsuli* kwa Waswahili wengi ni kidonge chenye ganda laini. Mgonjwa anameza kapsuli ili kumuua bakteria mwenye kapsuli. *Ala*, neno ambalo tayari lipo kwa kifuniko cha kisu au upanga, lingeweza kufikiriwa, ingawa nalo lina maana nyingine katika muziki. Kila neno huja na jamaa zake.

Vijinywele ni nyuzi fupi za protini ambazo bakteria hushikilia kwazo. Bakteria wa kipindupindu huvitumia kujikusanya na kujijenga katika utumbo mwembamba. Bila kushika, angefagiliwa na chakula kinachopita.

3.3 Mjeledi usiopiga

Bakteria huyohuyo wa kipindupindu ana uzi mmoja mrefu mwishoni mwa mwili. Kilatini kiliuita kwa jina la mjeledi, na *mjeledi* ndiyo tafsiri sahihi ya neno hilo. Lakini tafsiri sahihi ya neno si lazima iwe maelezo sahihi ya kitu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba uzi huo hupigapiga maji. Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walitoa hoja kwamba unazunguka, na mwaka 1974 Michael Silverman na Melvin Simon walilithibitisha hilo. Uzi huo umejipinda kama parafujo, na chini yake, ndani ya utando, mna mota inayoendeshwa na chembe za umeme zinazopita. Kwa *Escherichia coli* mota hiyo huzunguka mara 100 hivi kwa sekunde.

Kwa kazi yake, basi, kiungo hiki ni rafadha. Mkia wa mbegu ya kiume ya mnyama, ambao nao huitwa kwa jina lilelile, kweli hupiga kama mjeledi, na muundo wake ni tofauti kabisa. Jina moja limewaunganisha wawili ambao mageuko ya viumbe hayakuwaunganisha. Hakuna sababu ya kulifuta neno *mjeledi*, kwa maana limekwisha kuota mizizi. Iko sababu ya kutaka kamusi iseme: "uzi wa bakteria unaozunguka kama rafadha."

4.0 Sehemu za Ndani

Ndani ya utando mna saitoplazimu, rojo lililosongamana protini, chumvi na ribosomu. Katikati yake imo DNA, kwa kawaida ikiwa kitanzi kimoja. Ya *Escherichia coli* ikinyooshwa hufikia milimita 1.5 hivi, yaani mara mamia ya urefu wa mwili wake, nayo imekunjwa ikaenea bila kuzungushiwa chochote. Eneo hilo huitwa *nukleoidi*. Kuliita *kiini* ni kuibomoa fasili yote iliyojengwa juu ya ukosefu wa kiini.

Ribosomu ndizo mashine zinazosoma ujumbe wa DNA na kuunganisha asidi amino kuwa protini. Za bakteria ni ndogo kuliko zile zilizo katika saitoplazimu ya seli za binadamu, na tofauti hiyo ni mlango mwingine wa tiba: streptomisini, tetrasaiklini na erithromisini huzikwamisha ribosomu za bakteria na kuziacha zile nyingine zikiendelea na kazi. Virusi havina ribosomu, bali hutumia za seli vinayoivamia. Hivyo dawa hizi nazo hazina cha kukamata.

Nje ya kitanzi kikuu, bakteria wengi huwa na vitanzi vidogo vya DNA ambavyo Joshua Lederberg alivipa jina la plazimidi mwaka 1952. Plazimidi si lazima kwa maisha ya kila siku, lakini inaweza kubeba maelekezo ya kuivunja penisilini au kuisukuma dawa nje. Bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake nakala ya plazimidi, hata kama si wa spishi moja. Usugu, basi, haurithiwi kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto tu, bali hupokezanwa kati ya majirani.

Mwisho ni *spora*. Bakteria wa kimeta na wa pepopunda, mazingira yakiwa magumu, hujenga ndani ya seli kifuko kikavu chenye magamba kadhaa, na DNA huhifadhiwa humo. Spora huweza kukaa ardhini miaka mingi na hustahimili maji yanayochemka, ndiyo maana vifaa vya upasuaji husafishwa kwa mvuke wa shinikizo kubwa, mara nyingi kwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15. Wako wanaoitafsiri spora kuwa *mbegu*. Mbegu huzaa, na mkulima hupanda moja ili avune nyingi. Bakteria mmoja hutoa spora moja, na spora moja hurudi kuwa bakteria mmoja. Si uzazi, bali ni kujificha. Aitwaye "mbegu" atatarajiwa kuongezeka, na mwanafunzi atakuwa amepotoshwa na lugha yake mwenyewe.

5.0 Jina Lisilo na Kitu

Iko hatari iliyo kubwa zaidi ya jina baya, nayo ni jina la kitu kisichokuwepo. Katika miaka ya 1950, wataalamu waliotumia hadubini ya elektroni waliona mikunjo ya utando ndani ya bakteria. Mikunjo hiyo ilipewa jina la *mesosomu*, na baadaye ikapewa kazi nyingi: kugawa seli, kupumua, kuinakili DNA. Katika miaka ya 1970 na 1980 ilibainika kwamba mikunjo hiyo ilisababishwa na kemikali zilizotumika kuandaa seli kwa ajili ya kuchunguzwa. Seli zilizogandishwa kwa haraka hazikuwa nayo. Hata hivyo, jina liliendelea kuishi katika vitabu vya shule kwa miaka mingi, pamoja na mchoro na mstari wa kuonyesha.

Funzo kwa wanaistilahi ni zito. Kamusi ikitafsiriwa kutoka kamusi nyingine, bila mtu kurejea maabara, hutafsiri hata vivuli. Kwa upande mwingine, ugunduzi wa kweli nao unadai majina. Pete ya protini ya FtsZ, inayojifunga katikati ya bakteria anapojigawa, ilionyeshwa mwaka 1991. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba protini ya MreB hujenga nyuzi zinazosaidia kutunza umbo la kijiti. Zamani ilifundishwa kwamba bakteria hana kiunzi cha ndani. Leo fundisho hilo halisimami.

6.0 Ngeli, Virusi na Gharama ya Neno

Kiswahili hakikosi uwezo. Kilipokutana na neno la Kilatini lenye maana ya sumu, kikalisikia *virusi*, kikaichukua silabi ya kwanza kuwa kiambishi cha wingi, na kikazaa umoja wake, *kirusi*. Ndivyo kilivyofanya kwa neno la Kiarabu *kitabu*, ambalo *ki-* yake ilikuwa sehemu ya mzizi. *Bakteria*, kwa upande wake, halikubadilika umbo, likapewa mara nyingi upatanisho wa A-WA: bakteria *anajigawa*, bakteria *wanajigawa*, lakini virusi *vinaenea*. Hivyo sarufi yenyewe, bila ya kikao cha kamati yoyote, imewapa majirani hawa wawili nyumba tofauti. Mmoja anapatanishwa kama kiumbe anayeishi, mwingine kama kitu.

Uundaji wa maneno nao una mifano ya kujivunia. *Kimeng'enya* kinaeleza kazi. *Kichomi* kinaeleza maumivu. *UKIMWI* liliundwa kwa maneno ya Kiswahili, likaeleweka mjini na kijijini, na *VVU* likamfundisha mtu wa kawaida kwamba kuna kitu kiitwacho virusi. *UVIKO-19* lilifuata nyayo hizo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania liko tangu mwaka 1967. Msingi upo.

Kinachokosekana ni daraja kati ya kamusi na kaunta ya duka la dawa. Katika mazungumzo ya kila siku, *wadudu*, *vijidudu*, *vijasumu*, *vimelea* na *viini* hupokezana nafasi, na ndani yake huchanganywa bakteria, virusi, kuvu na hata minyoo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Haitakuwa haki kuutupia msamiati lawama hiyo yote. Zipo sababu za umaskini, za uhaba wa maabara na za biashara ya dawa. Lakini mgonjwa aliyenyimwa neno la kutofautisha hawezi kuuliza swali la kutofautisha: "Ni bakteria au ni virusi?" Swali hilo lina maneno matano tu, na jibu lake linaweza kuokoa dawa ambayo kesho atahitaji mtoto mwenye nimonia.

7.0 Hitimisho

Seli ya bakteria ni ndogo, lakini haina sehemu ya kupuuzwa. Ukuta unazuia mpasuko, utando unachuja na kuzalisha nishati, kapsuli inakwepesha, vijinywele vinashika, mjeledi unazungusha, ribosomu zinatengeneza, plazimidi inapokezana na spora inangoja. Kila kitenzi katika orodha hiyo ni cha Kiswahili cha kawaida, nacho kinatosha kuanzia fasili.

Mapendekezo yanayotokana na hoja hizi ni matatu. Kwanza, *kiini* kiachiwe seli zilizo nacho, na *viini vya maradhi* lipungue katika maandishi ya afya. Pili, *bakteria* na *virusi* yatumike waziwazi tangu shule ya msingi, ili mtoto asilazimike kungoja Kiingereza cha sekondari ndipo ajue tofauti. Tatu, kila kamati ya istilahi za biolojia iwe na mtu aliyekitazama kitu chenyewe kwa hadubini.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini anayeuliza anahitaji neno la kuulizia, na kumpatia neno hilo ni kazi ya wanaisimu.